Sanduku la Maswali: Uchafu unavyochanganyika mtoni na bombani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: modeli za kompyuta zinazokadiria jinsi chumvi, maji taka au klorini inavyosambaa katika maji yanayotiririka, na kwa nini matokeo yake hayalingani na vipimo. Ili hesabu zifuatike, tumetumia mto mmoja wa mfano katika majibu yote: upana mita 8, kina nusu mita, kasi mita 0.4 kwa sekunde, mteremko mita 2 kwa kila kilomita. Kwa hivyo mto huo hupitisha mita 1.6 za ujazo kwa sekunde. Weka namba za mto wako mahali pa hizi.

SWALI: Hamjambo wahariri. Sisi ni kikundi cha vijana tunaopima maji ya Mto Nairobi huku Korogocho. Chini kidogo ya bomba linalomwaga maji taka, tukichota ukingo wa kulia tunapata namba moja, na ukingo wa kushoto tunapata nyingine kabisa. Anayetusaidia na modeli anataka namba moja tu. Tumpe ipi?

JIBU: Hamjambo vijana. Msimpe hata moja kwanza, kwa sababu vipimo vyenu vinasema jambo ambalo modeli yake haina uwezo wa kulibeba. Modeli nyingi za mito huhesabu kwa urefu peke yake. Huchukulia kwamba mahali popote mtoni ukolezi, yaani kiasi cha uchafu katika kila lita, ni ule ule kutoka ukingo hadi ukingo na kutoka juu hadi sakafuni. Kwa kina, hilo hutimia baada ya masafa mafupi. Kwa upana huchukua masafa marefu, na nyinyi mmechota kabla hayajaisha.

Masafa hayo yanakadirika. Anza na kasi ya msuguano: zidisha 9.81 kwa kina kwa mteremko, kisha utafute kipeuo cha pili. Katika mto wetu, 9.81 × 0.5 × 0.002 ni 0.0098, na kipeuo chake ni karibu 0.099 mita kwa sekunde. Kizidishi cha mchanganyiko wa kuvuka mto, kwa mto wa asili wenye kona za wastani, ni 0.6 × kina × kasi ya msuguano, yaani karibu 0.03 mita za mraba kwa sekunde. Masafa ya kuchanganyika kwa bomba linalomwaga ukingoni ni 0.4 × kasi × upana kwa mraba, ukigawa kwa kizidishi hicho. Jibu ni mita 345 hivi. Bomba lingemwaga katikati ya mto, mngeweka 0.1 badala ya 0.4 na kupata mita 86.

Upana umo kwa mraba. Mto wa mita 16 wenye kina, kasi na mteremko huo huo unahitaji masafa mara nne, karibu kilomita 1.4. Hiyo 0.6 nayo ina shaka ya nusu yake juu na chini: kona kali huiongeza, mfereji ulionyooshwa na kujengewa kuta za zege huipunguza hadi kwenye 0.15. Kwa hivyo hesabu itawaonyesha pa kwenda, lakini uamuzi ni wa kipimio. Shukeni mita 350, pimeni upitishaji umeme wa maji, unaofuata kiasi cha chumvi zilizomo, mahali matano kuvuka mto. Vipimo vikitofautiana kwa chini ya asilimia 5, hapo ndipo pa kuchotea namba moja ya modeli.

Kama hamwezi kushuka mbali hivyo, gaweni upana katika mikanda mitano. Katika kila mkanda pimeni kina, kasi na ukolezi. Maji ya mkanda ni upana wake × kina × kasi. Zidisheni maji ya kila mkanda kwa ukolezi wake, jumlisheni, kisha mgawe kwa jumla ya maji yote. Msichukue wastani wa kawaida wa chupa tano, kwa sababu ukingoni maji ni kidogo na polepole, na chupa ya hapo isingestahili uzito sawa na ya katikati. Kanuni ni hiyo hiyo pale Mto Mathare unapoingia Mto Nairobi: mlinganyo wa kujumlisha mito miwili hutoa ukolezi utakaopatikana baada ya kuchanganyika, wala si ule mtakaochota hatua kumi chini ya makutano.

Kuna jambo tunalolisisitiza hapa. Anayechota maji ya kumwagilia sukuma wiki kwenye ukingo wa bomba hapati wastani wa mto, anapata maji ya ukingo huo. Modeli ya urefu peke yake itamwambia maji yake ni safi kuliko yalivyo. Ikiwa swali lenu ni la afya ya watu wa ukingo ule, ombeni modeli inayohesabu kuvuka mto pia, hata kama ni ya mikanda mitano tu.

SWALI: Nasomea uhandisi wa maji, naishi Kasarani. Nimeandika modeli yangu mwenyewe, vipande vya mita 100, hatua ya sekunde 125. Kilele cha chumvi kinafika kwa wakati unaofaa lakini ni chini ya nusu ya kile nilichopima. Nimepunguza kizidishi cha mtawanyiko K, yaani namba ya jinsi chumvi inavyotanuka kwa urefu wa mto, kutoka 2.3 hadi 0.5 na kilele hakikupanda cha kuonekana. Kosa liko wapi?

JIBU: K yako si tatizo. Vipande vyako ni vipana mno, na hesabu yenyewe inaongeza mtawanyiko ambao hukuuomba.

Tunachukulia unatumia njia rahisi inayochukua thamani ya kipande cha juu ya mto na kuisukuma kwenye kinachofuata. Kila hatua, chumvi iliyoingia pembeni mwa kipande huhesabiwa kana kwamba imejaa kipande kizima. Mtawanyiko huo wa bandia una kanuni: kasi × urefu wa kipande ÷ 2, halafu mara (1 − namba ya Courant). Namba ya Courant ni kasi × hatua ya muda ÷ urefu wa kipande. Kwako ni 0.4 × 125 ÷ 100 = 0.5. Mtawanyiko wa bandia basi ni 0.4 × 100 ÷ 2 × 0.5, yaani 10 mita za mraba kwa sekunde. Uliandika 2.3, kompyuta ikatumia 12.3. Ulipoandika 0.5 ikatumia 10.5. Kilele hushuka kwa kipeuo cha pili cha K, na kipeuo cha 12.3 ÷ 2.3 ni 2.3. Ndiyo maana umebaki na chini ya nusu.

Hakikisha kabla ya kurekebisha: weka K sifuri, mwaga chumvi katika kipande kimoja, iache modeli iende sekunde 1,000. Chukua variansi ya wingu la chumvi kwa umbali, yaani wastani wa mraba wa umbali wa chumvi kutoka katikati ya wingu, kisha gawa kwa mara mbili ya muda. Utakachopata ni mtawanyiko wa bandia wa programu yako, iwe umeiandika wewe au umeipakua.

Dawa ni vipande vidogo. Kwa mita 10 na sekunde 10, Courant ni 0.4 na mtawanyiko wa bandia hushuka hadi 1.2. Bado si haba, lakini sasa ni mdogo kuliko K halisi, kwa hivyo unaweza kuutoa: andika 2.3 − 1.2 = 1.1 kwenye modeli, na jumla itakuwa sahihi. Usiongeze hatua ya muda ovyo ili Courant ikaribie 1. Kwa njia hii rahisi, kasi × hatua ÷ kipande, ukiongeza mara mbili ya K × hatua ÷ kipande kwa mraba, lazima isizidi 1. Ikizidi utaona ukolezi hasi na namba zinazoruka juu na chini.

Modeli za masanduku yaliyochanganyika kikamilifu, moja likimwagia jingine, zina mtindo huo huo: mtawanyiko wake ni kasi × urefu wa sanduku ÷ 2. Unaweza kuutumia kwa faida yako. Kwa K ya 2.3 na kasi 0.4, sanduku la mita 11.5 lina mtawanyiko sahihi bila kuandika K yoyote.

Usiwahi kurekebisha K ili kufidia kosa la vipande. Itakubaliana na jaribio moja, halafu maji ya mto yakipanda itakosea tena na hutajua kwa nini.

SWALI: Mimi ni fundi wa vipimo, nafanya kazi na wahandisi washauri hapa mjini. Tumekuwa tukitumia kanuni ya Fischer kupata K, lakini mteja anataka K iliyopimwa. Jaribio la chumvi hufanywaje, na chumvi kiasi gani?

JIBU: Mteja wako ana haki. Kanuni ya Fischer ni 0.011 × kasi kwa mraba × upana kwa mraba, ukigawa kwa kina na kwa kasi ya msuguano. Katika mto wetu inatoa 2.3. Hugo Fischer alionyesha mwaka 1967 kwamba katika mito ya asili kinachotawanya uchafu kwa urefu ni tofauti ya kasi kati ya ukingo na katikati. Mtafiti Elder, mwaka 1959, alikuwa amehesabu kwa tofauti ya kasi ya juu na chini peke yake, na kanuni yake hapa ingetoa 0.3 tu. Ya Fischer ni bora, lakini hata yeye hakuidai usahihi mkubwa: inaweza kukosea mara nne kwenda juu au chini. Kwa K ya kuaminika, pima.

Chumvi ni ya kawaida ya kupikia, inunuliwe kwa gunia, yote ya aina moja. Kiasi hukadiriwa kutoka kilele unachotaka. Kilele ni uzito wa chumvi ÷ (eneo la mkato wa mto × kipeuo cha pili cha 4πKt). Kwa mto wetu eneo ni mita 4 za mraba. Mita 400 chini, baada ya sekunde 1,000, kilo 20 zitatoa karibu miligramu 30 kwa lita. Kila miligramu ya chumvi huinua upitishaji umeme kwa takriban mikrosimensi 2 kwa sentimita, kwa hivyo utaona ongezeko la 60 hivi. Kilomita moja chini itakuwa 37. Katika mto wa jiji ambao upitishaji wake hupanda na kushuka wenyewe kila kiwanda kinapofungua bomba, ongezeko la 10 halitoshi. Kilo 5 ni chumvi ya kupoteza.

Yeyusha nyumbani au ofisini, si mtoni. Kilo moja iende na lita 6 za maji, ingawa ingeyeyuka hata katika 3, kwa sababu maji mazito sana ya chumvi huzama na kulala kwenye mashimo ya sakafu ya mto, kisha hutoka polepole na kukupa mkia wa uongo mwishoni mwa grafu. Kilo 20 zitahitaji mitungi sita ya lita 20. Tikisa hadi usisikie chembe zikigonga chini.

Kabla ya kumwaga, sawazisha kipimio kwa maji ya mto huo huo. Chota lita moja juu ya mahali utakapomwaga. Katika chupa nyingine yeyusha gramu 10 za chumvi ile ile kwa lita moja ya maji ya mto. Kisha tumia sirinji kuongeza mililita 1 kwenye lita ya kwanza: hiyo ni miligramu 10 zaidi. Soma kipimio. Rudia hadi 50. Chora mstari, chukua mwinamo wake. Usitumie mwinamo wa kitabuni wala wa maji ya mfereji. Hakikisha pia kipimio kinarekebisha joto, kwa kuwa upitishaji umeme hupanda kwa karibu asilimia 2 kwa kila digrii, na mto wa asubuhi si mto wa saa nane mchana.

Weka vituo viwili, vyote mbali kuliko yale masafa ya kuchanganyika tuliyohesabu kwa vijana wa Korogocho: tuseme mita 400 na mita 1,000. Kabla hapo, mawazo ya mlinganyo wa urefu peke yake hayajatimia, na wingu la chumvi huegemea upande mmoja. Kati ya vituo pasiwe na kijito wala bomba linaloingia. Kwenye kituo cha kwanza weka vipimio viwili, kila ukingo kimoja.

Mwaga yote kwa mara moja, sawasawa kuvuka upana, ikiwezekana kutoka darajani watu watatu wakimwaga pamoja. Andika sekunde. Kwenye vituo anza kusoma dakika kumi kabla ya chumvi kutarajiwa ili ujue msingi, yaani namba ya mto bila chumvi yako, kisha kila sekunde 5. Kama kipimio hakina kumbukumbu, rekodi video ya simu inayoonyesha namba za kipimio na saa pamoja, utaandika baadaye. Wingu litachukua kama dakika 11 kupita kituo cha kwanza na 18 kituo cha pili, bila kuhesabu mkia. Usiondoke hadi namba irudi kwenye msingi na kukaa hapo dakika kumi.

Hesabu ya kwanza si ya K. Toa msingi, geuza kuwa ukolezi, jumlisha ukolezi × sekunde 5, kisha gawa uzito wa chumvi kwa jumla hiyo. Unapata maji ya mto. Vipimio viwili vya kituo cha kwanza vikitoa maji yanayotofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, chumvi haikuwa imechanganyika na kituo kisogezwe chini. Ikiwa vinakubaliana lakini ni mbali na ulichopima kwa mita ya mkondo, chumvi imepotea mahali au imebaki mtungini.

Sasa K. Kwa kila kituo tafuta wastani wa muda wa wingu na variansi yake. K ni nusu ya kasi kwa mraba × tofauti ya variansi ÷ tofauti ya wastani wa muda. Kwa mto wetu, variansi ya 28,500 na 71,250 sekunde za mraba, na wastani wa sekunde 1,000 na 2,500, hutoa 0.5 × 0.16 × 42,750 ÷ 1,500, yaani 2.28.

Hapa ndipo majaribio mengi mazuri huharibikia. Variansi hupima kila nukta kwa umbali wake kutoka kwenye wastani, kwa mraba, kwa hivyo mkia una nguvu kupita kiasi. Chukulia msingi wa mto umepanda kwa mikrosimensi 1 tu na kukaa hapo sekunde 1,000 kwenye mkia wa kituo cha kwanza. Kilele chako ni 60, ile 1 haionekani hata kwenye mchoro. Variansi itaruka kutoka 28,500 hadi karibu 66,000. K yako imekwenda na maji. Kwa hivyo pima msingi kabla na baada, unganisha kwa mstari mnyoofu, toa mstari huo badala ya namba moja. Baada ya hapo usiishie kwenye variansi: chukua grafu ya kituo cha kwanza kama chanzo, ipitishe kwenye modeli hadi kituo cha pili, na utafute K inayofanya grafu zilaliane. Njia hiyo haitawaliwi na mkia.

Rodamini, rangi ya waridi inayoonekana kwa kipimio cha mwanga hata chini ya mikrogramu moja kwa lita, ni nzuri kwa mito mikubwa ambako chumvi ingehitaji magunia. Lakini hunata kwenye tope, na maji taka yana mwanga wake mwenyewe unaochanganya kipimio. Kwa mito ya Nairobi wakati wa kiangazi, tungebaki na chumvi.

Ijulishe ofisi ya eneo ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla. Vaeni gambuti na glavu. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, msiingie mtoni ikiwa mawingu yamejaa upande wa Ngong au Kikuyu: maji hupanda huko juu kabla tone halijawadondokea.

SWALI: Tumefanya jaribio kama mnavyoeleza mara kwa mara. Kilele kinalingana na modeli, lakini mkia wa mto ni mrefu kuliko wa modeli, kwa K yoyote. Tuongeze nini? — Mtafiti, Juja

JIBU: Kwanza ondoa mikia ya uongo: chumvi iliyozama, msingi uliopanda, kipimio kilichowekwa kwenye maji yaliyotuama nyuma ya jiwe. Ukisogeza kipimio katikati ya mkondo na mkia ukabaki, basi ni wa kweli, na K haitauleta, kwa kuwa K hutanua wingu pande zote mbili.

Mto una mahali maji hukaa, tupaite maghala: vidimbwi vya pembeni, nyuma ya taka zilizokwama kwenye nguzo za madaraja, ndani ya magugu, na kati ya kokoto za sakafu. Chumvi huingia huko kilele kikipita na kurudi polepole. Watafiti Bencala na Walters walieleza hili kwa milinganyo miwili mwaka 1983, wakitumia data ya Uvas Creek, California. Mlinganyo wa mto huongezewa kipengele: α × (ukolezi wa maghala − ukolezi wa mto). Wa pili unasema ukolezi wa maghala hubadilika kwa α × (A ÷ As) × (ukolezi wa mto − wa maghala). A ni eneo la mkato wa mkondo, As ni la maghala hayo, α ni kasi ya kubadilishana. Programu ya OTIS ya Shirika la Jiolojia la Marekani, iliyotolewa 1998, hutatua milinganyo hiyo na ni ya bure.

Anza na As iliyo moja ya tano ya A, na α ya 0.0003 kwa sekunde. Rekebisha A kwanza hadi kilele kifike kwa wakati, kisha K hadi upande wa kupanda ulingane, mwisho α na As kwa mkia. Ukivichezea vyote vinne kwa pamoja, utapata jozi nyingi zinazofanana na hutajua ipi ni ya mto.

Kisha kagua kama jaribio lako lina uwezo wa kuona maghala hayo. Hesabu α × (1 + A/As) × urefu wa sehemu ÷ kasi. Kwa mita 400: 0.0003 × 6 × 1,000 = 1.8. Ikiwa kati ya 0.1 na 10, sawa, na ikikaribia 1 ndiyo bora. Chini ya hapo chumvi haikupata muda wa kuingia, juu ya hapo imeingia na kutoka mara nyingi mno hata mkia umeyeyukia ndani ya K. Badilisha umbali wa kituo, usibadilishe modeli. Na namba za kiangazi zisitumike kwa msimu wa mvua: maji yakipanda, vidimbwi vya pembeni huwa sehemu ya mkondo.

SWALI: Kiwanda chetu kiko Eneo la Viwanda, tunamwaga maji yaliyosafishwa kwenye Mto Ngong usiku na mchana kwa kiwango kimoja. Mshauri anadai fedha za kupima K. Ni lazima?

JIBU: La. Kwa mmwago usiobadilika, K karibu haina kazi. Athari yake hupimwa kwa 4 × kasi ya kuoza × K ÷ kasi ya maji kwa mraba. Kwa uchafu unaooza kwa 0.5 kwa siku, katika mto wetu hiyo ni 0.0003. Fedha hizo ziende kwenye kupima maji ya mto wakati wa kiangazi kikali, na kwenye mchanganyiko wa kuvuka mto chini ya bomba lenu. Mkianza kumwaga kwa mafungu, tuseme kufungua tangi kila jioni, jibu letu linageuka: hapo ni mawimbi, na K ndiyo huamua urefu wa kila kilele.

SWALI: Modeli yangu ya QUAL2K, programu ya ubora wa maji ya mto, inaonyesha oksijeni nyingi kuliko kipimio, hata juu ya mto kabla ya maji taka. — Msomaji, Kangemi

JIBU: Tazama kisanduku cha mwinuko. Kikiachwa sifuri, programu hudhani uko Mombasa. Kwa nyuzi 20, maji ya usawa wa bahari hubeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Kwa mwinuko wa Nairobi, karibu mita 1,700, hubeba 7.4 hivi. Wewe uko juu zaidi ya katikati ya jiji, kwa hivyo weka mwinuko wa kila sehemu ya mto, si wa jiji zima.

SWALI: Ninatumia EPANET, programu ya mitandao ya mabomba ya maji, kutengeneza modeli ya mabomba ya mtaa mmoja Embakasi wenye mgao wa maji. Modeli inasema klorini mferejini ni miligramu 0.4 kwa lita, kipimo kinasema 0.1. Nimeongeza kasi ya kuoza ukutani mwa bomba hadi inakubaliana, lakini msimamizi wangu anakataa. Je, ana haki?

JIBU: Ana haki, dada. Uliza kwanza modeli yako inaishia wapi. Mara nyingi inaishia kwenye mita, na chupa ilijazwa kwenye mfereji wa jikoni, baada ya tangi la jengo. Chukua tangi la lita 10,000 katika jengo linalotumia lita 4,000 kwa siku. Maji hukaa humo siku 2.5. Klorini ikioza kwa 1 kwa siku, na tangi likichanganyika vizuri, kinachotoka ni 0.4 ÷ (1 + 2.5) = 0.11. Umepata 0.1 yako bila kugusa ukuta wa bomba. Pima kwenye mita na mferejini siku moja, saa moja.

Kasi ya kuoza ndani ya maji ipimwe peke yake. Loweka chupa kumi za kioo cheusi kwa maji ya klorini ya miligramu 10 kwa lita kwa saa 24 ili kioo kisile klorini ya jaribio, suuza, jaza zote kwa maji ya chanzo bila kuacha hewa, ziweke gizani kwa joto la maji ya bomba. Fungua moja moja: mwanzoni, baada ya saa 1, 2, 4, 8, 24, 48, na kila unayofungua usiitumie tena. Chora logarithimu asilia ya klorini kwa muda, na mwinamo ndio kasi. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha ukuta.

EPANET pia hudhani kwamba mabomba mawili yakikutana, maji yake huchanganyika kabisa papo hapo. Kwenye kiungo cha msalaba sivyo: mikondo miwili inayoingia hugongana na kupindana, na sehemu kubwa ya kila mmoja huendelea na bomba la upande wake. Ukiwa na viungo hivyo na vyanzo viwili vyenye klorini tofauti, pima pande zote mbili za kutokea. Na kumbuka saa za mgao: EPANET huhesabu mabomba yakiwa yamejaa. Saa za kwanza baada ya maji kurudi, bomba linasukuma hewa na mashapo, na sampuli ya wakati huo haiwezi kulinganishwa na modeli. Subiri hadi mtiririko utulie.

Mwisho, tangi kuu la mtaa. EPANET inakupa chaguo nne: lililochanganyika kabisa, la vyumba viwili, la yanayoingia kwanza kutoka kwanza, na la yanayoingia mwisho kutoka kwanza. Usibahatishe. Muda wa kuchanganyika ni karibu 10 × ujazo kwa kipeo cha theluthi mbili, ukigawa kwa kipeuo cha pili cha kasi ya maji kwenye bomba la kuingizia × kiasi chake kwa sekunde. Tangi la mita 500 za ujazo, lita 20 kwa sekunde, bomba la milimita 200: karibu saa moja na nusu. Bomba la milimita 150: saa moja na dakika kumi. Kila ujazaji ukidumu zaidi ya muda huo, chagua lililochanganyika kabisa. Ukiwa mfupi, chagua la vyumba viwili, na utafute ukubwa wa chumba cha kwanza kwa kupima klorini juu, katikati na chini ya tangi mara ujazaji unapokoma. Kanuni hii inataka mkondo wa kuingia upae huru ndani ya maji. Ikiwa bomba linamwaga juu ya uso wa maji, au limeelekezwa ukutani au kwenye tundu la kutokea, hesabu haifai, na itabidi kupima hizo ngazi tatu kwa vyovyote.